Kilwa Masoko Sikufika

Akina mama wenzangu wa kwaya, tangu nirudi mmekuwa mkinijia kwa zamu, huyu na chane ya ndizi, yule na sukari ya chai, na mkishakaa mkavuta pumzi swali ni lile lile: je, umepona? Nikijibu hapana, mnatazamana, halafu mnaanza kuisifia mihogo yangu. Sasa nimeamua kuandika yote kwa mkupuo mmoja, msome wenyewe, mpokezane. Imenichukua siku tisa. Kidole gumba kilipogoma, binti yangu Dafroza alishika kalamu nami nikamtajia, na pale alipokunja uso nilimwambia aandike hivyo hivyo.

Habari za kuaga na kutafuta gari naziacha, hazina utamu. Ila kwanza nimtaje Filomena, kwa ajili ya wale mliohamia Mitwero juzijuzi.

Mimi nina baridi yabisi, mwaka wa kumi na moja sasa. Ndiyo iliyonitoa darasani, maana mwalimu wa darasa la kwanza asiyeweza kushika chaki atafundisha nini? Filomena, ambaye ilimwanza miaka mitano baadaye, nilikutana naye kwenye benchi la hospitali, vidole vimevimba kama vyangu, na tangu siku ile tukawa kama mapacha. Kila Jumatano tulikwenda kliniki pamoja. Dawa ya kuchua tulinunua chupa moja, nikamchua, akanichua. Mimi ndiye niliyempeleka kanisani akiwa hataki hata kusikia. Mimi ndiye niliyemfundisha kusali alfajiri, saa ile viungo vimekaza na mtu anajiuliza kama ataamka au ataomba apelekewe uji kitandani.

Basi mwaka jana akaja mhubiri Lindi, akafanya mkutano uwanjani. Tulikwenda wote wawili, tukasimama mstari mmoja, tukawekewa mikono na mtu yule yule. Filomena akapona. Mimi nikarudi nyumbani na magoti yangu.

Sikatai kwamba alipona. Nimemwona kwa macho yangu akikamua shuka zito la marekani mpaka tone la mwisho. Nasema tu kwamba tangu siku ile nilimwonea gere moyoni, huku mdomoni nasema Bwana asifiwe. Jumatano nikawa nakwenda kliniki peke yangu.

Ndipo tukasikia mhubiri yule yule atakuwa Kilwa Masoko, wiki mbili kabla ya Krismasi, na Filomena ameitwa akatoe ushuhuda. Akaja kwangu mbio, maana siku hizi anakimbia. "Mama Dafroza, twende wote. Safari hii ni zamu yako." Nilimkumbatia. Moyoni nilikuwa nimeshasema hayo kabla yake. Nilikuwa nakwenda kuchukua changu. Sikuwa nakwenda kumsindikiza mtu.

Mitwero hadi Mchinga

Miaka hii ya ruksa kila mwenye gari ni msafirishaji, na lori lililotubeba lilikuwa la chumvi. Dereva wake aliitwa Kazumari, mtu mpole mwenye kofia ya vito. Jumatano alfajiri akasimama Mitwero, akashuka, akaniamkia, akasema nafasi ya mbele ni yangu, mwenzangu ameniombea tangu jana kwa kuwa mimi ni mgonjwa.

Hapo ndipo nilipoanza kufanya ujinga. Niligeuka nikamwona Filomena ameshakanyaga tairi, amejivuta, yuko juu ya magunia, anapanga kanga yake akae vizuri. Kilichonichoma si kwamba alikuwa juu. Kilichonichoma ni kwamba hata hakujua amefanya jambo kubwa.

"Mimi si mgonjwa wa kukalishwa mbele," nikamwambia Kazumari. "Nitapanda juu."

"Mama, barabara mbaya."

"Nitapanda juu."

Wanaume wawili walinisukuma kwa chini na Filomena akanivuta kwa juu, nikapanda kama gunia la kumi na moja. Nafasi ya mbele akaipata mama mmoja na jogoo wake. Njia nzima nilimsikia jogoo yule akiwika kwa raha zake, nami kila shimo linanipiga kiunoni.

Filomena aliimba. Aliimba sauti ya kwanza na ya pili akizipokezana mwenyewe, na abiria wakaitikia, hata Waislamu waliokuwa nyuma walipiga makofi. Mchinga tukanunua mkate wa kumimina. Yeye alikatiwa kipande cha katikati kilichoumuka vizuri, mimi nikakatiwa cha pembeni kilichoshika moto. Najua mwenye kisu alikata tu kama kisu kilivyokwenda. Lakini siku ile kila kitu kilikuwa ushahidi.

Mbwemkuru

Tulipofika Mbwemkuru maji yalikuwa yamepita juu ya daraja. Kazumari alishuka, akatupa fimbo, akaitazama inavyokwenda, akarudi akasema, "Tulaleni hapa." Tukakaa pale mpaka adhuhuri ya Alhamisi, magari mengine nyuma yetu, mama ntilie mmoja akiuza wali na samaki wa kukaanga hadi ukabaki ukoko. Ukoko nao ulinunuliwa.

Chini ya turubai abiria walizungumza. Filomena akawasimulia kupona kwake, naye anajua kusimulia, sitamnyima haki yake. Palikuwa na mfanyabiashara wa mitumba, mlokole wa Dar es Salaam, aliyekuwa amekalia robota lake la masweta. Alisikiliza akisema ameni, ameni. Akanigeukia.

"Na wewe mama, mliombewa siku moja?"

"Siku moja."

"Na mtumishi yule yule?"

"Yule yule."

Akashusha sauti, ile sauti ya kumhurumia mtu. "Basi mama yangu, jichunguze. Pengine kuna jambo hujaliungama. Au imani ndiyo haijafika kipimo. Mungu hana upendeleo."

Nilimtazama Filomena. Yeye ndiye aliyekuwa akinijua. Yeye ndiye aliyekuja kwangu asubuhi ngapi akanikuta nasali nikilia, akakaa akasali nami. Nilisubiri aseme neno, hata moja. Filomena aligeuza uso akawa anatazama mto.

Mtu yule wa mitumba hakuwa mbaya. Jioni baridi ilipoingia alinipa sweta nivae, na nilipoamka asubuhi hakulidai, akaniambia nibaki nalo. Lakini maneno yake yalikuwa yamekwisha kuingia. Imani haijafika kipimo. Niliyageuza usiku kucha na nikaona yana mantiki. Mwalimu mmoja, somo moja, wanafunzi wawili, mmoja amefaulu. Aliyefeli atamlaumu nani? Asubuhi ile sikusali. Nilinyoosha vidole vyangu kimya kimya, nikanawa uso.

Tangu hapo safari ile ikawa na jambo moja tu kwangu. Nikifika Kilwa Masoko nikapona, basi imani yangu ni imani kama ya watu wengine. Nikirudi kama nilivyokwenda, basi yule bwana alisema kweli, na miaka yangu kumi na moja ya kusali ilikuwa kelele.

Kiranjeranje, kwa Bi Somoe

Maji yalipopungua tukavuka, tukaenda vizuri kiasi, na tulipokaribia Kiranjeranje springi ya nyuma ikakatika. Kazumari akasema lazima itafutwe nyingine, akamtuma utingo wake kwa gari lililokuwa likirudi Lindi. Abiria tukagawanywa kwenye nyumba za watu. Mimi na Filomena tukachukuliwa na mama mmoja mjane aitwaye Bi Somoe, mwenye shamba la mikorosho nyuma ya nyumba, mrefu, na sauti ya kuitia watu walio ng'ambo.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone! Kabila gani nyie?"

Filomena akasema yeye ni Mmwera. Bi Somoe akampokea mzigo, akamkumbatia: "Ndugu yangu! Hata mimi Mmwera, huku nimeletwa na ndoa." Akanigeukia. Nikasema mimi Mmakonde.

"Toba! Mtani wangu! Tazameni, nyumba imeingia mla panya!"

Watu wa huku mnajua utani ulivyo. Mtani akikutukana unacheka. Akikuchukulia kitu chako, mpaka ukikomboe kwa wimbo au kuku. Ukikasirika wewe ndiye mwenye aibu. Nikamjibu kwamba afadhali mla panya kuliko Mmwera anayemwogopa panya, tukacheka, na kweli kidogo moyo wangu ukafunguka.

Filomena akachukua ndoo akaenda kuteka maji, kwa mikono yake ile mizima. Bi Somoe akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini. "Kazumari ameniambia kuna mgonjwa kati yenu anapelekwa Kilwa kuombewa. Ndiye nani?"

Wenzangu, nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimechoka kuwa yule mmoja wa wawili ambaye bado. Nilitamani angalau kwa usiku mmoja, mbele ya mtu asiyenijua, niwe mzima na Filomena awe yeye.

"Mwenzangu," nikasema. "Viungo vinamsumbua. Usimwone vile, anajikaza tu."

"Maskini ya Mungu! Na amekwenda kisimani!"

Bi Somoe alitoka mbio akampokonya Filomena ndoo njiani. Akamtandikia mkeka barazani, akamwegemeza mto. Filomena alidhani ni ule undugu wa Kimwera, akashukuru. Kisha Bi Somoe akaniletea mimi mbuzi ya kukunia na nazi tatu.

"Wewe mzima, mtani. Kuna nazi hizi. Hapa hatuli bure."

Nilizikuna. Nazi ya kwanza niliikuna nikiuma meno. Ya pili nilikuna machozi yakinitoka nikasema ni moshi. Filomena akainuka mkekani aje anipokee, Bi Somoe akamrudisha: "Kaa, ndugu yangu, mwache Mmakonde afanye kazi." Filomena akanitazama kwa mshangao, mimi nikacheka kicheko cha mtu mzima. Tukala ugali wa muhogo na papa wa nazi, mtamu sana papa yule, nami tonge lilikuwa likinidondoka vidoleni. Nilisema nimeshiba.

Pikapu ya korosho

Ijumaa ikapita, utingo hajarudi. Mkutano wa Kilwa Masoko ulikuwa umalizike Jumapili, na mhubiri angeombea wagonjwa Jumamosi jioni na Jumapili asubuhi. Nilikuwa nahesabu saa. Ijumaa kutwa nilitwanga, nilifagia, nilipepeta, yote kwa ajili ya neno moja nililolisema jana yake, na bado sikulirudisha.

Jumamosi saa tatu ikatokea pikapu ya wale wanunuzi wapya wa korosho, imejaa magunia mpaka juu. Ilikuwa inakwenda Nangurukuru na kisha Masoko. Kazumari akaisimamisha, akazungumza na dereva, akarudi. Nafasi ni moja, mbele, na dereva ana haraka.

Filomena akaniambia hapo hapo, "Nenda wewe."

Sasa tazameni ustaarabu wetu unavyotuponza. Mtu akikwambia nenda wewe, huwezi kukimbilia kiti kama kuku aliyeona mtama. Unasema hapana, nenda wewe, kisha anakwambia tena, kisha unakubali kwa shingo upande. Nami nikasema, "Hapana, nenda wewe, ndiye mwenye ushuhuda." Nilikuwa nimeshaushika mkoba wangu. Nilikuwa nangoja ile mara ya pili.

Mara ya pili haikuja. Bi Somoe aliruka katikati yetu, akanipokonya mkoba, akauweka chini akaukalia.

"Mtani, huondoki! Gari la mgonjwa hilo. Ukitaka mkoba wako, cheza kwanza!"

Wanawake wa jirani walipiga vigelegele. Wawili walimshika Filomena mikono wakawa wanampeleka kwenye gari kwa upole, "taratibu, dada, pole dada," na yeye anasema hapana, hapana, si mimi. Nikapiga kelele.

"Bi Somoe! Mimi ndiye mgonjwa! Mimi!"

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. "Eti yeye ndiye mgonjwa! Aliyekuna nazi tatu!" Bi Somoe alijifuta machozi ya kicheko. "Mmakonde huyu kwa kupenda kiti cha mbele!"

Nikasema tena. Nikaapa. Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyoona nautia utani chumvi. Kazumari angeweza kuniokoa, lakini alikuwa amekwisha kuitwa na dereva asaidie kufunga magunia. Mlango ukafungwa. Nilimwona Filomena amegeuka dirishani, mdomo unasema jina la mwanangu, na pikapu ikaondoka.

Nilibaki nimesimama. Wakanipigia makofi nicheze, nami nikainua kanga kidogo, nikacheza hatua tatu kwa magoti haya haya, kwa kuwa ndiyo desturi. Bi Somoe akaniruka shingoni, akanirudishia mkoba wangu.

Jumapili bila kanisa

Niwaambieni kweli, usiku ule nilimchukia Filomena. Hakuwa amekosa lolote. Nilimchukia kwa jinsi alivyopona, na kwa jinsi alivyokuwa Kilwa Masoko mahali pangu, na kwa jinsi ambavyo ni mimi mwenyewe niliyempeleka. Mtu ukimchukia mwenzio kwa kosa lako mwenyewe, hasira hiyo haina pa kwenda.

Alfajiri sikuweza kuinuka. Zile nazi na ule mchi vilikuwa vimekuja kudai haki yao. Mikono ilikuwa imejifunga ngumi na haifunguki, magoti hayakunjiki. Bi Somoe alipomaliza swala yake alinijia na kikombe cha chai ya tangawizi, akaninyooshea. Sikukipokea. Alidhani nimenuna.

"Mtani, utani umekwisha jana. Pokea chai."

"Siwezi kukishika, Bi Somoe."

Akaweka kikombe chini. Akanishika mkono, akautazama upande huu na upande huu, akavigusa vifundo. Nilimwona uso wake unabadilika.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi."

"Na nilikupa nazi."

"Tatu."

Hakusema nisamehe. Kwa mtani neno hilo halisemwi. Alikwenda jikoni, akarudi na beseni la maji ya moto na majani ya mkaratusi, akaniingiza mikono yote miwili, akakaa nami akiikanda. Baada ya muda mrefu ndipo akauliza, "Sasa kwa nini uliniambia uongo?"

Nilitaka kumwambia habari za uchovu. Nikasikia mdomo wangu umesema, "Wivu."

"Wivu wa nini?"

"Yeye amepona. Mimi bado."

Bi Somoe alitikisa kichwa taratibu. Hakucheka. "Mimi nina dada yangu Likawage," akasema, "amezaa tisa, mimi sikuzaa. Anapokuja hapa na wajukuu huwa najifanya nina kazi shamba." Akaendelea kunikanda.

Maji yalipopoa nilimwomba aniache kidogo, nataka kusali. Akasema atakaa hapo hapo mlangoni, hatasema neno. Basi nikasali mbele yake, kwa sauti, kwa kuwa sikuwa na nguvu ya kusali kimya.

Nilisema: Bwana, umempa Filomena, mimi umeninyima, na sielewi. Namwonea wivu. Nimemsema vibaya moyoni tangu mwaka jana, na nimesema uongo, na wewe pia nimekukasirikia. Wanasema imani yangu haijafika kipimo. Ni hii hii niliyo nayo. Sina nyingine ya kukuletea.

Kisha nikafanya kama nilivyozoea kufanya kabla sijaacha. Sala ya Bwana, neno kwa neno, na kwa kila fungu la maneno nafungua kidole kimoja. Kidole gumba. Cha shahada. Kikigoma nangoja, siendelei na sala mpaka kifunguke. Ilichukua muda. Niliposema amina vidole kumi vilikuwa wazi, vinauma, vimepinda, lakini wazi. Nikainuka mkekani kwa kushika ukuta. Nikashika kikombe kwa viganja viwili, nikanywa chai iliyopoa.

Sikupona, msije mkadhani nawazungusha. Nguvu niliyoipata ilikuwa ya kuinuka tu, ile ile niliyopewa kila asubuhi kwa miaka kumi na moja, nami siku zote nikaiona ndogo kwa kuwa nilikuwa nangoja kubwa.

"Ndivyo mnavyosema naye?" Bi Somoe akauliza mlangoni. "Waziwazi vile?"

"Leo tu."

"Endelea hivyo hivyo," akasema, na akaenda kuchinja kuku.

Jumatatu, barabarani

Filomena alirudi Jumatatu mchana juu ya lori lililokuwa likishuka Lindi. Aliruka chini kabla halijasimama vizuri, vumbi mpaka kwenye kope. Hakunisalimu.

"Yule dereva wa korosho alinipa pole njia nzima," akasema. "Pole na viungo, mama. Pole na maumivu. Nikamuuliza nani kakwambia, akasema wenyeji wako. Bi Somoe kaambiwa na nani kwamba mgonjwa ni mimi?"

"Na mimi."

"Kwa nini?"

Kuna uongo mwingine ningeweza kuusema. "Nilikuonea wivu," nikasema. "Tangu uwanjani. Nimekuonea wivu kila siku."

Filomena alikaa chini ukingoni mwa barabara, akavua viatu akavikung'uta. "Najua," akasema. "Miaka yote ulikuwa ukinichua kwa mikono yako inayouma. Tangu nipone hata begani hunigusi."

Nikakaa karibu yake, ikanichukua muda kukaa. Nikamuuliza kama ametoa ushuhuda, maana nilitaka kujua, na pia maana nilitaka kuumia yaishe.

"Nimetoa. Jana asubuhi, watu wamejaa. Nikasimulia nilivyokuwa na nilivyo. Wakashangilia. Nikasema, bado sijamaliza. Nikawaambia tulikuwa wawili mstari mmoja, na mwenzangu hakupona. Mhubiri akasogea akasema, tumwombee huyo dada, imani yake iongezeke."

"Kumbe na yeye."

"Ngoja. Akataka kuchukua kipaza sauti. Sikukiachia. Si unajua mikono yangu sasa? Nikamwambia, baba mchungaji, imani niliyosimama nayo siku ile uwanjani haikuwa yangu. Ni yake. Alinilisha yeye asubuhi baada ya asubuhi, huku mwenyewe anaumwa kuliko mimi. Kama yake ni ndogo, basi mimi sikuwa nayo kabisa. Kwa nini mimi nimepona na yeye bado, mimi sijui. Na wewe hujui."

"Ulisema hujui? Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu. Wakanyamaza. Kisha kwaya ikaanzishiwa wimbo, nami nikashushwa jukwaani. Jioni hawakunipa nafasi tena." Akavaa kiatu kimoja. "Mbwemkuru nilitaka kusema maneno haya haya. Niliogopa. Nilidhani nikianza kuuliza, Mungu atanirudishia ugonjwa. Nilitazama maji yale nikaona aibu mpaka leo."

Nilikuwa nikilia, na sikusema ni moshi. Kwa miaka kumi na moja watu wameniambia Mungu ananijaribu, Mungu ananifundisha, Mungu anangoja niungame. Hakuna aliyewahi kuniambia hajui. Na hao wa Kilwa Masoko, wasionijua hata kwa sura, ndio waliokaa kwenye viti vyao wakayasikia yale maneno yakisemwa kwenye kipaza sauti, na mimi ambaye yananihusu nilikuwa Kiranjeranje nafungua vidole. Niliwaonea wivu watu wale, wote, mpaka watoto waliobebwa mgongoni.

"Rudia," nikamwambia Filomena.

"Nirudie nini?"

"Pale uliposema ni yake."

Akarudia. Nikamwambia arudie tena.